Wazee Waliokuwa Kwenye Mashine ya Tata

Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ningekuwa muuza ndizi haya yote yangesameheka. Lakini mimi ndimi ninayesimama mbele ya watoto wa kidato cha pili nikiwafokea: "Kabla hujagusa diski ya mtu, fungua nakala yake uione kwa macho yako!" Nimewafokea hivyo miaka tisa. Kuna mtoto mmoja aliyesahau, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kichwani mwake mmejaa maji. Siku hizi nikimkumbuka natamani nimtafute nimwombe radhi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya baba mkwe wangu. Tunamwita Tata, yaani baba, na hata mimi niliyeolewa namwita hivyohivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani ya mitumba mjini Kisii, akaiweka chumbani mwake, juu ya meza ambayo mkewe, Mama, alikuwa akiitumia kwa cherehani. Cherehani ikahamia jikoni. Mama alinung'unika wiki nzima, kisha akazoea.

Tata akaanza kuandika wazee. Ndivyo alivyosema mwenyewe akiulizwa: "Naandika wazee." Alikuwa anakwenda boma kwa boma na daftari kwapani, anaketi na bibi au babu wa hapo, anauliza. Ulizaliwa upande gani? Nani alikuposea? Mwaka ule wa njaa mlikula nini? Chai ya kwanza mliipanda vipi? Akirudi nyumbani anachapa kwa kidole kimoja, cha mkono wa kulia, polepole, unaweza kuteka maji kisimani ukarudi ukamkuta kwenye mstari uleule. Miaka saba alifanya kazi hiyo. Madaftari yakijaa Mama aliyawashia moto jikoni kwa ruhusa yake, maana si yalikuwa yameshaingia kwenye mashine?

Wazee wengi aliowaandika wamekufa. Mtu akifiwa hapa kwetu, kabla hata hajaenda kutafuta mbao za jeneza, alipita kwa Tata kuchukua historia ya kusomwa kaburini. Watu walijifunza mambo ya mama zao siku ya kuwazika. Nimeona mwanamume mzima akilia kwa kusikia kwamba baba yake aliwahi kutembea kwa miguu hadi Kericho kumtafutia dawa.

Ya mama yake Tata ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alimhoji akiwa kitandani, wiki zake za mwisho. Kurasa kumi na nne. Ndani yake mlikuwa na wimbo ambao yule bibi alimtungia Tata mwenyewe akiwa mchanga, akimbeba mgongoni huku akichuma maua ya pareto. Hakuna mtu mwingine aliyeujua. Tata alikuwa ameanza kusahausahau mambo, na wanawe walipomtania kwa hilo alicheka akasema, "Mimi sina haja ya kukumbuka tena. Mashine inakumbuka."

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa asiyetoka kwetu. Kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, hamshiki mkono, hamtazami machoni akaanza kumuuliza maswali kama anamhoji mwizi. Vijana wa mjini wanacheka wakisikia. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilicheka. Lakini ukiolewa kwenye boma la mzee wa kanisa, juu huku kati ya Keroka na Nyamira, unaacha kucheka, na baada ya muda unaona hata ina raha yake. Mume wangu anafanya kazi mbali, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mimi na Tata tulizungumza kupitia kwa Mama. Tukiwa wote uani, hatua kumi kati yetu, Mama ndiye aliyebeba maneno.

Mashine ilipozeeka ikawa inachukua muda wa kupika ugali na mboga mpaka iwake. Tata akamtuma Mama: je, mwalimu anaweza kuitazama? Mwalimu! Nilivimba kichwa. Nikasema, "Mwambie niletewe. Nitaiwekea mfumo mpya kabisa, itakimbia kama ya ofisi. Ijumaa adhuhuri atakuwa nayo." Mama akaitoa kipande kipande hadi mlangoni, nikaipokea, nikaipeleka kwangu.

Alhamisi jioni nikamwambia Mama amuulize Tata kama kazi yake ameinakili mahali. Akarudi na flashi iliyofungwa kwenye leso safi, leso yenyewe imepigwa pasi. "Anasema wote wamo humu," Mama akasema. "Anasema amewanakili mmoja mmoja, hakuacha hata mtu."

Nikaichomeka. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanza, kwa hiyo nitasema kila kitu. Niliona uzito wa vilivyomo. Kilobaiti chache tu, kidogo kuliko picha moja ya simu. Miaka saba ya wazee haiwezi kuwa nyepesi hivyo, na mimi najua, ndiyo kazi yangu kujua. Nikajiambia, aa, maandishi matupu ni mepesi. Nikajiambia pia, haya ni mambo ya baba mkwe, nikifungua nikakuta barua zake au mambo ya ugonjwa wake nitauweka wapi uso wangu? Nikajifunika chinsoni kama blanketi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeahidi Ijumaa adhuhuri, na sikutaka kumtuma Mama tena aende akaulize swali litakalonifanya nionekane sijui. Nikaichomoa flashi nikairudisha kwenye leso.

Ijumaa sikuwa na vipindi. Nikaanza asubuhi na mapema, na mashine ikanikatalia. Kila nikifika pale pa kuchagua diski inaniambia mfumo hauwezi kuwekwa hapa, diski imepangwa kwa mtindo wa zamani. Nikabadilisha mipangilio ya kuwakia, wapi. Nikahamisha flashi yangu ya mfumo kwenye tundu la nyuma, wapi. Adhuhuri ikapita. Saa nane mvua ikaja na stima ikaenda nayo, ikarudi saa kumi na robo. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya mvua. Nje nilimsikia Mama akikazana na shughuli za Ijumaa: chakula cha Sabato kipikwe mapema, nguo zipigwe pasi, watu waoge, kwa sababu jua likizama kwenye boma letu hakuna kazi tena. Hata redio inazimwa. Hata ufagio unasimama pale ulipokuwa.

Saa kumi na mbili kasoro Mama akapiga hodi. "Mwalimu, Tata anauliza kama imepona."

"Inamalizika, Mama! Mwambie inamalizika!"

Haikuwa inamalizika. Ilikuwa imenigomea kabisa. Nikajua dawa moja tu ya haraka: kufuta sehemu zote za diski, ibaki tupu, ipangwe upya. Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ya mfumo. Ya pili sikujua ina nini. Kidole kilisita, nakiri kilisita. Kisha nikatazama dirishani, jua lilikuwa limeshagusa migomba ya upande wa pili wa bonde. Nikafuta ya kwanza. Nikafuta ya pili. Mashine ikakubali mara moja, ikaanza kunakili mfumo, na mimi nikapiga makofi peke yangu kama mjinga.

Ilikuwa haijafika hata robo Mama alipoita watu sebuleni kufungua Sabato. Ningeiacha iendelee, nani angejua? Lakini taa yake ilionekana kupitia pazia, na mimi ni mke wa boma lile. Nikaizima katikati ya kazi, nikanawa mikono, nikaenda kuimba.

Siku iliyofuata tulikwenda kanisani. Wakati wa shuhuda Tata akasimama. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, na hakunitazama, kwa sababu hanitazami, bali aliwaelekeza watu kwa kidevu upande wetu wanawake. Akasema anamshukuru Mungu kwa mke wa mwanawe. Akasema wengine wanapewa wakwe wa kuwatunzia ng'ombe, yeye amepewa wa kumtunzia wazee. Kanisa likasema amina. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka akanipiga paja kwa furaha. Mume wake alikuwa mmoja wa walioandikwa. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Kilobaiti chache. Mahubiri yote nilihesabu kilobaiti.

Sabato ilipofungwa jioni nikachukua simu na kile kiwaya kifupi cha kuunganishia, nikaifungua flashi. Ndani yake vilikuwa vile vialama vyenye kamshale kadogo pembeni, ambavyo huonyesha faili lilipo lakini si faili lenyewe. Mtu aliyemfundisha Tata kompyuta hapo mwanzo alikuwa amemwekea kila mzee kialama chake usoni mwa mashine, ili asihangaike, na mafaili yenyewe yakakaa kwenye sehemu ya pili ya diski. Tata aliona kialama kina jina la mtu, akajua mtu yumo. Nani angemlaumu? Aliwanakili mmoja mmoja. Cha kwanza kilikuwa na jina la mama yake.

Niliketi kitandani. Nikalia? La, kwanza sikulia. Kwanza nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikamlaumu huyo mwalimu wake, nikamlaumu Mama, nikamlaumu mume wangu kwa kuwa mbali. Ndipo nikalia.

Lakini haikuwa imekwisha, na hili ndilo nisilojisamehe. Kilichofutwa kwenye diski hakiondoki mara moja. Kinabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hiyo pia naifundisha. Na kuna fundi mjini Kisii ambaye kazi yake ni kufufua diski. Niliwahi kumpelekea ya shule, akarudisha karibu kila kitu. Alikuwa na sharti moja tu: msiiguse. Ijumaa niliizima mapema, sehemu ya pili huenda ilikuwa haijaguswa kabisa. Jumapili ningeibeba asubuhi, kabla ya saa nne ningekuwa mezani kwa fundi.

Ila ningelazimika kusema ninaipeleka wapi na kwa nini. Kwa Mama, Mama kwa Tata, na Tata alikuwa ameshasimama kanisani na kofia mkononi.

Jumapili nilipofungua mlango, alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amenyoa ndevu, amevaa sweta yake ya kijivu, na meza ya mashine ameshaipangusa mwenyewe. Mama alinipungia mkono kutoka jikoni. "Anasema usiku hakulala vizuri kwa kuingoja," akaniambia, akacheka.

Nikarudi ndani. Nikawasha mashine, ikanionyesha kioo cheusi na maandishi meupe, hakuna mfumo. Nikasimama mbele yake na ile flashi yangu mkononi. Nilijua ninachofanya. Sitasema nilichanganyikiwa. Nilishindwa kumrudishia baba mkwe wangu mashine iliyokufa, nikaona afadhali irudi ikiwa hai na tupu. Saa tatu na nusu asubuhi nikabonyeza, ikaanza kuandika upya diski yote, na safari hii niliiamuru iipangue na kuisafisha kila sehemu ili isinigomee tena. Ilipomaliza iliwaka ndani ya sekunde chache. Ilikuwa nzuri, haki ya nani.

Mama aliichukua, pamoja na flashi ya Tata kwenye leso yake. Mimi nikasimama nje ya dirisha la chumba chao, kwa nyuma, karibu na zizi, nikijifanya nakata majani ya ng'ombe. Nikamsikia Tata akisifu jinsi ilivyowaka. Nikamsikia akichomeka flashi. Akabonyeza, mashine ikatoa kile kilio chake kifupi cha kukataa. Akabonyeza kingine. Kilio. Akaenda hivyo mmoja baada ya mwingine, hakuruka hata mtu.

Kisha akamwita Mama, sauti ya chini. "Nenda umwambie mwalimu asihangaike. Nimekosea kunakili. Kosa ni langu."

Mama akaja akanipa maneno hayo kama alivyopewa. Na mimi, mwanamke wa elimu, nikasema, "Pole sana kwake." Basi. Pole sana kwake! Nikaendelea kukata majani.

Sabato iliyofuata Tata akasimama tena. Kofia ileile, mikono miwili. Akawaambia watu kwamba kwa ujinga wake wa mambo ya kisasa amepoteza maneno ya wazazi wao waliyomwamini nayo. Akataja kila boma. Akaomba msamaha kwa kila boma, moja baada ya jingine, na ilichukua muda, na sauti ilimkatika mara mbili. Hakusema neno juu ya mama yake. Watu wakaitikia kwamba amesamehewa. Yule bibi wa mbele yangu hakuitikia, aliinama tu akawa anakunjakunja leso yake. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema amina pamoja na wengine.

Nilipofika nyumbani sikubadilisha hata nguo. Nikamfuata Mama jikoni nikamwambia yote: kilobaiti, sehemu ya pili, fundi wa Kisii, Jumapili. Nikamwomba anipelekee kwa Tata, kama siku zote.

Mama alifuta mikono kwenye kitambaa, polepole. "Miaka yote nimewabebea," akasema. "Hii sibebi. Hii nenda nayo mwenyewe."

Tata alikuwa amekaa palepale nje. Nikasimama mbali, pale panapofaa, nikaangalia viatu vyake, nikasema. Sikumbuki nilianza vipi. Nakumbuka nilisema "si wewe, Tata" mara nyingi mno, kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili ulipoiweka mara ya pili," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Tata."

"Na huyo fundi wa Kisii ulikuwa unamjua."

"Nilikuwa namjua."

"Na mama yangu alikuwa bado yumo?"

"Nadhani alikuwa bado yumo, Tata."

Akainuka, akachukua kofia, akashuka kuelekea shamba la chai, na siku ile si siku ya kwenda shambani. Sikumfuata. Jioni Mama alimpelekea koti.

Wiki mbili hapakuwa na ujumbe. Kila siku ya kazi nilikuwa nikiletewa "habari za shule" kutoka kwake kupitia kwa Mama, kitu kidogo tu cha kila siku, ambacho sikuwahi kukithamini. Kikakoma. Nilipika, nilikwenda kufundisha, nilirudi. Darasani sikumfokea mtu.

Jumapili ya tatu Mama akabisha hodi. "Anasema mashine iletwe kwako, uiweke dirishani."

Tukaiweka. Mimi nikakaa ndani na kibodi, yeye akaketi nje kwenye kiti chake, mgongo ukiegemea ukuta chini ya dirisha, kila mmoja akitazama upande wake. Niliona juu ya kofia yake tu. Akasema atakuwa anataja, mimi niandike, kwa sababu kidole chake kimoja hakitawahi kuwamaliza tena. Ataanza na mama yake.

Alikumbuka mengi kuliko nilivyotarajia. Alikumbuka mahali alipozaliwa, ng'ombe waliotolewa mahari, jirani aliyemsaidia kujifungua. Nikaandika, naye akangoja nifikie. Kisha akafika kwenye pareto, na mtoto mgongoni, akasita, akakohoa. Akaimba mstari wa kwanza, kwa sauti ya mzee, ya kukwaruza. Nikauandika.

"Wa pili una mvua ndani yake," akasema. "Au ukungu." Akaujaribu kwa mvua. Akaujaribu kwa ukungu. Kuku walipita kati ya miguu yake.

"Mwalimu," akaniita, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila kupitia kwa Mama. "Ulipokuwa nayo humo ndani, hukufungua hata mmoja ukasoma?"

"Hapana, Tata. Sikufungua."

Niliona kofia yake ikiinama.

"Basi hapo acha nafasi," akasema.

Nikaacha nafasi ya mstari mmoja, tukaendelea.